Mcheza kwao hutunzwa: Kongo na deni la wabinti wa 1996

MAONI

Simama kwenye uwanja wa basketi wa shule yoyote ya Goma, Bukavu ao Lubumbashi, uwaulize vijana ni Wakongomani gani walifika mbali katika mchezo huo. Majibu yatakuja haraka: Dikembe Mutombo, Bismack Biyombo, Emmanuel Mudiay, Jonathan Kuminga. Wote ni wanaume. Ni nadra kusikia jina la Mwadi Mabika, binti wa Kinshasa aliyetwaa ubingwa wa WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake ya Marekani, mara mbili mfululizo, mwaka 2001 na 2002.

Kumbukeni mwaka huo wa 2001. Mutombo, mkubwa wa basketi ya Kongo, alifika fainali ya NBA akiwa na Philadelphia, akashindwa na Lakers ya Los Angeles. Alistaafu bila kupata taji hilo. Miezi michache tu baada ya fainali ile, katika mji ule ule wa Los Angeles, Mkongomani mwingine alinyanyua kombe. Alikuwa mwanamke, na habari yake haikufika mbali huku nyumbani.

Kusahauliwa kwa Mabika ni deni moja. Lakini hata wale wachache wanaomkumbuka humtumia vibaya. Utawasikia viongozi wa michezo wakisema kwamba kipaji hakizuiliki, kwamba mtoto mwenye kipaji atafika tu hata bila msaada, na mfano ni huyo aliyetoka Kinshasa akawa bingwa Amerika. Maneno hayo ni matamu kwa mtu ambaye hataki kutoa pesa. Ukifuata safari ya Mabika hatua kwa hatua, utakuta inasema kinyume chake.

Ekipe ya mabingwa isiyo na jezi

Mwadi Mabika alizaliwa Kinshasa tarehe 27 Julai 1976. Alikulia katika nchi iliyokuwa na nguvu katika basketi ya wanawake. Zaire ilikuwa imetwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1983 na 1986, ikautwaa tena mwaka 1994. Kwa hiyo wabinti waliopanda ndege kwenda Michezo ya Olimpiki ya Atlanta, mwaka 1996, hawakuwa watalii. Walikuwa mabingwa wa bara.

Lakini mabingwa hao walikwenda vipi? Jezi zao na gharama zao zililipwa na Mutombo, kwa pesa yake mwenyewe. Serikali iliyopenda sana kupiga picha na washindi haikuweza kuwavalisha wanawake kumi na mbili. Mutombo, aliyefariki Septemba 2024, anastahili sifa kwa jambo hilo, kama anavyostahili sifa kwa hospitali aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake. Hata hivyo, sifa ya Mutombo ni aibu ya wengine. Ekipe ya taifa inayovalishwa na mfuko wa mtu mmoja ni yatima aliyepata mjomba mwenye moyo mzuri.

Matokeo yalikuwa machungu. Zaire ilipoteza mechi zote na kumaliza nafasi ya 12, ya mwisho. Marekani, iliyokuwa na Lisa Leslie, iliwafunga pointi 107 kwa 47. Mabika alitimiza miaka 20 wakati Michezo hiyo ikiendelea, akiwa katika ekipe inayopigwa kila siku.

Michezo ilipokwisha, alibaki Marekani.

Mlango mwembamba

Wapo wanaosema kwamba wanaobaki ng'ambo wanakimbia nchi. Waangalie kwanza kalenda. Olimpiki ilifungwa tarehe 4 Agosti 1996. Miezi michache baadaye vita iliwaka huku Kivu. Mwezi wa tatu mwaka 1997 Kisangani ilianguka, mwezi wa ine ikawa Lubumbashi. Tarehe 28 Aprili 1997, jina la Mabika liliposomwa katika uteuzi wa wachezaji wa WNBA, nchi yake ilikuwa bado inaitwa Zaire. Tarehe 17 Mei haikuitwa tena hivyo. Tarehe 21 Juni ligi hiyo mpya ilichezesha mechi yake ya kwanza kabisa, huko Los Angeles, kati ya Sparks na New York Liberty. Sparks ndiyo ekipe iliyokuwa imemchagua Mabika.

Binti wa miaka 20 angerudi kucheza ligi gani nyumbani, katika miezi ile?

Tazama pia alivyoingia. Alichaguliwa wa 28, katika duru ya nne, ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Kila ekipe ilikuwa imekwisha kuchukua wale iliyowataka zaidi. Kama WNBA ingeanza miaka miwili baadaye, ao kama Zaire isingefuzu kwenda Atlanta, ao kama Mutombo asingelipa, pengine leo Mabika angekuwa mama mmoja wa Kinshasa ambaye majirani wanasimulia kwamba zamani alicheza vizuri. Kipaji kingekuwa kile kile.

Alipoingia, alionyesha alichokuwa nacho. Lisa Leslie, aliyekuwa upande wa pili Atlanta, sasa alikuwa mwenzake wa ekipe moja. Mabika alicheza nafasi ya pembeni, mrupaji hodari wa mbali na mlinzi asiyechoka. Mwaka 2000 na mwaka 2002 aliitwa katika mechi ya nyota wa ligi. Mwaka 2001 Sparks ilishinda mechi 28 na kupoteza 4 tu katika msimu wa kawaida, kisha ikaishinda Charlotte Sting katika fainali. Mwaka 2002 Mabika alikuwa na msimu wake bora, kwa wastani wa karibu pointi 17 kila mechi, na safari hiyo New York Liberty ndiyo iliyoanguka kwenye fainali. Alibaki Sparks hadi mwaka 2007, akamalizia na Houston Comets mwaka 2008. Misimu 12 katika ligi ambamo wengi hawamalizi hata mitatu.

Yeyote anayejua mchezo ataona kilichomjenga huko: makocha wanaolipwa, madaktari wa timu, kalenda inayojulikana kabla ya msimu, mechi zinazochezwa siku iliyotangazwa. Mambo ya kawaida kabisa. Ni hayo ambayo binti wa Kongo hayapati.

Wale wengine kumi na mmoja

Swali kubwa ni juu ya wenzake. Ekipe ya Atlanta ilikuwa na wachezaji 12. Waliobaki kumi na mmoja walikuwa wamepita njia ile ile, wakavaa jezi zile zile za Mutombo. Nani anaweza kutaja majina yao katika shule za leo? Ni uwanja gani wenye jina la mmoja wao? Mwanariadha wa nchi nyingine akifika Olimpiki, hata akimaliza wa mwisho, kijiji chake kinaandika jina lake ukutani.

Tangu 1996, wanawake wa Kongo hawajarudi kwenye Olimpiki kwa basketi. Nafasi ya Afrika imechukuliwa na Senegal, Nigeria, Mali na Angola. Mali haina watu wengi kuliko Kongo, wala mabinti wake si warefu kuliko wetu. Inacho kitu kimoja: kazi ya miaka mingi na wasichana wadogo. Ndiyo maana mawazo ya "kipaji hakizuiliki" ni hatari. Yanahesabu mmoja aliyepita na kuacha kuhesabu wote waliozuiliwa.

Na wanazuiliwa kwa mambo ya kila siku. Tangu 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure, na hilo ni jambo jema. Lakini mtoto wa basketi huonekana akiwa sekondari, na huko mzazi bado analipa. Pesa ikipungua, wa kwanza kurudishwa nyumbani mara nyingi ni binti. Anayebaki shuleni anamaliza masomo saa saba, kisha maji, soko, wadogo zake na jikoni vinamngoja. Kaka yake anakwenda uwanjani. Yeye akichelewa kurudi jioni, mtaa mzima una maneno. Mzazi anayemkataza si adui wa michezo. Anaogopa njia ya usiku, na ana sababu.

Halafu kuna umbali. Kutoka Goma ao Bukavu hakuna barabara ya kumfikisha mchezaji Kinshasa, sherti ndege. Ekipe ya wasichana ya jimbo inapotakiwa kwenda kucheza ubingwa wa taifa, tiketi za wachezaji 12 na makocha ni mlima. Mwanzoni mwa 2025 viwanja vya ndege vya Goma na Kavumu vilifungwa kwa sababu ya vita, na hata mlima huo ukakosa njia ya kupandia. Binti wa Kivu anaweza kuwa bora kuliko wote nchini na asionekane hata mara moja na mtu anayechagua ekipe ya taifa.

Si anasa

Watasema: nchi iko vitani, watu wamelala kambini, hospitali hazina dawa, nani ana wakati wa basketi ya wasichana? Swali hilo ni la haki na halipaswi kudharauliwa. Lakini pesa ya michezo huwa inapatikana, nchi ikitaka. Ilipatikana mwaka 2023, Kinshasa ilipopokea Michezo ya Francophonie na kumbi mpya zikajengwa ili wageni wacheze. Jambo ni kuchagua nani anatumikiwa.

Tena kinachoombwa si jumba la kifahari. Shirikisho la basketi, FEBACO, na wizara ya michezo wanaweza kuanza na kalenda ya wanawake inayotangazwa mapema na kuheshimiwa. Wanaweza kupanga mechi za majimbo ya jirani zichezwe kwanza hapo hapo, ili ndege itumike tu kwa hatua ya mwisho, na kumtuma mchaguzi Mashariki badala ya kuwasubiri mabinti Kinshasa. Wakubwa wa shule, nyingi zikiwa za makanisa, wana viwanja vya saruji tayari. Wawape wasichana siku zao, saa za mchana, kukiwa na mwalimu mwanamke, mzazi asiwe na hofu. Vilabu vya wanaume vyenye wafadhili vinaweza kutoa mipira miwili na viatu kwa ekipe ya dada zao. Na kabla ya yote, majina 12 ya mwaka 1996 yaandikwe mahali ambapo mtoto anaweza kuyasoma.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mwadi Mabika alikwenda kutunzwa kwa watu wengine, na hakuna wa kumlaumu. Leo jioni, kwenye uwanja mmoja wa shule huku Mashariki, kuna binti anayerupa mpira kwenye ringi isiyo na wavu kabla mama yake hajamwita kuchota maji. Hajui kama kuna Mutombo mwingine popote wa kumnunulia jezi. Hapaswi kumhitaji.