Mnyama Wako wa Kwanza Yuko Ukutani

Ndugu mtahiniwa, kila mwaka tunapomaliza mada ya reptilia, wapo wanafunzi wanaonifuata baada ya kipindi na swali lile lile: "Mwalimu, nikitaka kufuga mnyama wa aina hii, nianze na yupi?" Wengi hutaja kobe, wengine kinyonga, na wachache wenye moyo mgumu hutaja chatu. Swali ni zuri. Jibu langu huwaudhi wengi, lakini naliandika hapa ili ulipime mwenyewe: usinunue yeyote kati ya hao. Anza na mjusi aliye ukutani kwenu.

Msimamo huu nimeupata kwa kobe mmoja. Miaka michache iliyopita, kijana niliyekuwa nikimfundisha, anayeishi na wazazi na wadogo zake katika chumba cha kupanga hapa Kariakoo, alimnunua kobe mdogo kwa mtu aliyepita mtaani na ndoo. Alimpenda kweli. Alimpa wali, mkate na maganda ya viazi, akamweka uvunguni ili watoto wa wapangaji wengine wasimsumbue. Baada ya miezi kadhaa gamba lilikuwa laini kama boksi lililolowa, na miguu ikashindwa kumbeba. Akafa.

Kijana aliniuliza amekosea wapi, na majibu yalikuwa kwenye daftari lake la Biolojia. Kobe hujenga gamba na mifupa kwa kalsiamu. Mwili hauwezi kuitumia kalsiamu ipasavyo bila vitamini D, ambayo kobe huitengeneza akiota jua. Chakula chake cha asili ni nyasi na majani. Uvunguni hakuna jua, na kwenye wali hakuna nyasi. Hakumuua kwa ukatili, alimuua kwa kutojua. Kwa kobe mwenyewe hiyo si tofauti.

Hoja yangu ya kwanza, basi, ni makazi. Reptilia hategemei joto la ndani ya mwili kama wewe. Huenda juani apate joto, hurudi kivulini apoe. Anahitaji nafasi ya kuchagua, na chumba chenye vitanda viwili, makochi na ndoo za maji hakimpi nafasi hiyo. Tena kobe huishi muda mrefu. Yule maarufu wa kisiwa cha Saint Helena, aitwaye Jonathan, anakadiriwa kuanguliwa mwaka 1832, na mwaka 2022 aliadhimishiwa miaka 190. Wewe Novemba una mtihani. Baada ya matokeo huenda ukapangiwa shule Tabora au Mbeya. Nani atabaki na kobe wako?

Hoja ya pili ni afya. Reptilia wengi hubeba bakteria wa salmonela bila wao wenyewe kuugua. Mtoto akimshika kobe kisha akatia kidole mdomoni, anaweza kupata homa na kuhara. Ndiyo maana mwaka 1975 Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa kobe na kasa wadogo wenye gamba lisilofikia sentimita 10 hivi, kwa kuwa watoto walikuwa wakiugua. Fikiria nyumba zetu, ambamo familia tano au sita hutumia bomba moja, na beseni la kufulia ndilo la kuoshea vyombo.

Hoja ya tatu ni sheria na pori letu. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, wanyamapori ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wao kwa niaba ya wananchi. Kumkamata au kumfuga kunahitaji kibali. Mtu wa ndoo asiye na kibali anakuuzia kitu ambacho si chake, na ukikipokea nawe umeingia matatani.

Tazama pia hasara yenyewe. Katika msitu wa Kimboza, mkoani Morogoro, yupo mjusi mdogo ambaye dume lake lina rangi ya samawati inayong'aa. Huishi kwenye miti ya mikadi. Wanunuzi wa ng'ambo walipompenda, wakamataji walifika hata kuikata mikadi ili wampate. Leo yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka, na mataifa yamekubaliana kuzuia biashara yake.

Utasema, "Lakini mwalimu, mimi nataka mmoja tu." Hilo ndilo jambo gumu kulijibu, kwa sababu kila mnunuzi husema hivyo. Kisiwa cha Changuu, karibu na mji wa Zanzibar, kilipokea kobe wakubwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, nao wakazaana vizuri. Kisha wezi wakaanza kuwachukua na kuwauza, hata ilipofika mwaka 1996 walikuwa wamebaki saba. Ikabidi wawekewe uzio na ulinzi. Kila kobe aliyeibwa, kwa aliyemnunua alikuwa "mmoja tu".

Utasema tena kwamba Ulaya na Marekani vijana hufuga mijusi. Ni kweli. Huko anayeanza hushauriwa kuchukua mjusi aliyezaliwa bandani, mwenye kisanduku chenye taa ya joto na daktari wa mifugo anayemfahamu. Wa kwenye ndoo ametolewa porini, na hana hata kimoja cha hivyo.

Sasa mtazame mjusi wako. Tunamwita kafiri na kumfukuza kwa ufagio, ingawa hana sumu na kila usiku hula wadudu wanaotusumbua, mbu wakiwamo. Vidole vyake vina vinyweleo vidogo mno vinavyomwezesha kutembea darini kichwa chini bila gundi. Akikamatwa mkia huuacha, nao huota upya. Jike hutaga mayai mawili kwa kawaida, mara nyingi kwenye ufa wa ukuta.

Chukua daftari. Kaa karibu na taa saa moja usiku, uhesabu mijusi waliotoka. Andika hali ya hewa, wadudu waliokamatwa, na nani alimfukuza nani. Fanya hivyo wiki mbili, kisha linganisha usiku wa mvua na usiku wa joto. Usimshike wala usimfungie. Asubuhi hutafuta wa kumwachia, kwa maana hakuwahi kuwa wako.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: anayempenda mnyama kweli huanza kwa kumjua pale anapoishi. Ukimaliza wiki mbili na bado unataka kobe, nenda ukaulize kibali, tafuta uwanja wenye nyasi na jua, na mtu wa kumtunza utakapoondoka. Ukikosa kimojawapo, mwache porini.

Maswali ya kujipima
1. Taja hoja tatu za mwandishi, na ushahidi mmoja kwa kila hoja.
2. Mwandishi amejibu pingamizi mbili. Zieleze kwa maneno yako.
3. Je, unakubaliana na msimamo wake? Andika insha ya hoja yenye maneno yasiyopungua 250.