Na Leo Nayo Igangwe

Iko methali ambayo watu wengi huitamka bila ya kuipima: "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Nusu yake ya kwanza naikubali, nusu ya pili naipinga. Methali hii huruka kutoka jana hadi kesho kama mtu arukaye mtaro, na kinachoachwa chini ni leo. Ni mganga gani awezaye kumtibu mtu ambaye hajaugua? Mganga mwenye akili humtibu mgonjwa aliyelala mbele yake.

Wako watu wa namna mbili walioiasi leo. Wa kwanza huililia jana: mvua za zamani zilikuwa nyingi, walimu wa zamani walikuwa hodari, vijana wa zamani walikuwa na adabu. Wa pili huketi katika baraza ya kesho: nikifika chuo kikuu nitasoma kwa bidii; nikipata mshahara nitawafaa wazazi wangu. Watu hawa hubishana daima, lakini ni ndugu, kwani wote wawili mikono yao ni mitupu.

Mtaniuliza: Je, mkulima asikumbuke wala asitumaini? La, hasha! Hukumbuka mvua za mwaka jana, akachagua mbegu; hutumaini mavuno, akatengeneza ghala. Lakini jembe lake halina udongo wa kupiga ila wa leo, na masika yaanzayo mwezi wa Machi hayamngojei mtu.

Wangari Maathai, mzaliwa wa Nyeri, aliikumbuka mito safi ya utoto wake, tena aliwafikiria watoto ambao hawajazaliwa. Hata hivyo hakuketi kuililia mito, wala hakungoja nchi itajirike. Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenzake walipanda miti 7 katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Miti 7 ni kitu gani? Lakini kazi iliyoanza hivyo ilizaa mamilioni ya miti, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Sisemi haya kwa kuwa mimi ni mkamilifu. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha, nilipokuwa nimetoka chuo cha ualimu, mwanafunzi mmoja alinijia jioni, daftari mkononi, nimweleze hesabu iliyomshinda. Nilikuwa nimechoka. Nikamwambia, "Njoo kesho, mwanangu." Akajibu, "Haya, mwalimu," akaenda zake. Asubuhi yake alirudishwa nyumbani kwa kukosa karo, wala sikumwona tena. Hesabu ile ingalinichukua dakika kumi.

Wahenga hao hao walisema pia, "Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo." Siku ile mwongo nilikuwa mimi. Basi, vijana, swali mlilo nalo liulizeni leo. Mzazi mliyemkosea mtakeni radhi leo. Na rafiki akiwajia na daftari lake, msimwambie arudi kesho. Jana imekwisha kugawa fungu lake, na kesho haijafungua mkono. Igangeni leo.