Kifaransa cha risiti kitangulie

Mfanyabiashara wa Kigoma au Kahama anayeanza kujifunza Kifaransa Mutanga Sud, jijini Bujumbura, hukwama kwenye namba kabla ya jambo jingine lolote. Sabini ni nini? Kitabu kilichochapwa Ufaransa kinamwambia soixante-dix, yaani sitini na kumi. Mwenye duka anamtajia septante. Wote wako sahihi: septante, pamoja na nonante ya tisini, ni urithi wa Wabelgiji uliobaki Burundi na hata ukivuka Gatumba kwenda Uvira. Asiyeambiwa mapema anashika sept, saba, na mazungumzo ya bei yanaanza upya.

Maswali ya namna hii huchukuliwa kuwa udadisi wa darasani. Kwa mtu wa mpakani ni maswali ya fedha. Walimu wengi huanza na le na la, na kweli jinsia za Kifaransa zinasumbua, lakini mtu akisema la sac badala ya le sac hapotezi gunia. Gunia hupotea kwingine.

Chukua sentensi J'ai acheté dix sacs à Marie. Aliyezoea "nimemnunulia" ataelewa kwamba mali ni ya Marie. Inawezekana, ila mara nyingi Marie ndiye aliyeuza. Kiswahili hubeba tofauti hiyo ndani ya kitenzi. Kifaransa huiachia mazingira ya mazungumzo. Kwenye karatasi ni salama zaidi kuandika auprès de Marie kama mzigo umetoka kwake, au pour Marie kama umenunuliwa kwa ajili yake. Louer nayo ni kupanga na pia ni kupangisha, hivyo Je loue un dépôt haisemi ghala ni la nani.

Sokoni kuna plus. Watu wakiongea haraka huiacha ne, na y a plus de sucre bila kutamka s ya plus maana yake sukari imekwisha. Ikitamkwa, sukari ipo zaidi. Herufi moja, na lori linaweza kupakiwa au kugeuzwa.

Linaloumiza kuliko yote ni risiti. Acompte ni malipo ya awali. Solde ni salio linalomaliza deni. Muuzaji aliyepokea nusu akatia sahihi chini ya pour solde atapata kazi kubwa kudai nusu iliyobaki, hata kama mashahidi wapo.

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kongo ikafuata mwaka 2022. Soko limepanuka kuelekea Kifaransa, lakini Kifaransa kinachofundishwa wafanyabiashara bado ni kile cha mtihani wa shule. Jumuiya tayari ina cheti rahisi cha uasili kwa mizigo midogo isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani. Iliyorahisisha cheti haiwezi kushindwa kuandaa ukurasa mmoja wa Kiswahili, Kirundi na Kifaransa wenye maneno ya risiti, deni, kodi ya ghala na namba. Vyama vya wafanyabiashara navyo viwadai walimu waanzie hapo, jinsia zifuate.

Ukurasa huo ubandikwe Kobero, Mugina na Gatumba, kando ya dirisha la forodha, septante ikiwa mstari wa kwanza.