Tone Halidharauliki: Mwite Fundi Bomba

Katika nyumba nyingi zenye maji ya bomba kuna kauli isiyokosekana: "Aa, ni tone tu!" Hutamkwa kwa wepesi, kisha kitambaa au kipande cha mpira wa baiskeli hufungwa shingoni mwa bomba, na ndoo huwekwa chini yake. Miezi hupita, na tone linaendelea. Makala haya yanaipinga kauli hiyo. Ninashikilia kwamba mwenye nyumba anayeacha bomba livuje, ilhali ana uwezo wa kumlipa fundi, anakiuka wajibu wake wa kiraia. Ninashikilia pia kwamba anayemwita mtu asiyeijua kazi ili aokoe faranga chache hajatengeneza kitu. Ameliahirisha tatizo tu.

Tuanze na hesabu. Tone la bomba ni kubwa kuliko tone la dawa ya macho. Hukadiriwa kuwa robo ya mililita. Siku moja ina sekunde 86,400. Bomba likidondosha tone moja kila sekunde, kufikia kesho saa kama hii litakuwa limemwaga lita 21 na ushei. Kiasi hicho kinaijaza jerikani ya lita 20 na kubaki. Kwa mwaka mzima ni karibu jerikani 400 kutoka bomba moja. Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo. Anayesema "ni tone tu" anaitazama bandu moja na kulisahau gogo.

Sasa tuulize: jerikani hiyo ingekuwa na thamani gani kwingine? Hapa Gitambi, kama katika sekta nyingine za wilaya ya Rusizi, jerikani ya maji ina mbebaji. Mara nyingi ni mtoto, anayepanga foleni kwenye ivomo, yaani bomba la umma, kisha anapanda kilima akiwa na kilo 20 kichwani kabla ya kwenda shule. Tarehe 28 Julai 2010, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua kwamba maji safi ni haki ya binadamu. Haki hiyo haikusudiwi kuishia kwenye sinki la mtu mmoja usiku kucha wakati jirani yake anahesabu vikombe. Mwaka 2018 jiji la Cape Town, Afrika Kusini, lilikumbwa na ukame mkali hata wakazi wakatakiwa wasitumie zaidi ya lita 50 kila mmoja kwa siku. Bomba letu la "tone tu" lingekula zaidi ya theluthi moja ya mgawo wa mtu mmoja.

Wapo watakaojibu: "Maji yaliyopita mita yangu ni yangu, ninayalipia mwenyewe." Hoja hii ina kasoro mbili. Kwanza, hata kwa upande wa mfuko haina faida, kwa kuwa bei ya maji ya majumbani nchini Rwanda imezoeleka kupangwa kwa madaraja: kadiri unavyotumia zaidi, ndivyo lita za juu zinavyokuwa ghali zaidi. Mwenye bomba bovu hulipia daraja ambalo hajalitumia. Pili, fedha hununua huduma, haziongezi mvua. Maji hayo yamechotwa, yamesafishwa kwa dawa na kusukumwa kwa umeme hadi nyumbani. Tangu mwaka 2014 kazi hiyo iko mikononi mwa WASAC, na kwa miaka mingi zaidi ya theluthi moja ya maji yanayozalishwa yamekuwa yakipotea bila kulipiwa. Ni haki ya raia kudai mabomba ya barabarani yatengenezwe. Lakini atadai kwa uso gani ikiwa la jikoni kwake linalia usiku na mchana?

Hapo ndipo inapokuja hoja ya pili: "Basi nitalikaza mwenyewe." Ebu tutazame kilichomo ndani ya bomba la kawaida la kuzungusha. Chini ya mkono wake kuna msumari wa skrubu, na kwenye ncha ya msumari huo kuna mpira mdogo wa duara. Ukifunga, mpira hushuka na kukaa juu ya kikalio cha shaba, nao huzuia maji. Mpira ukichakaa, maji hupenya. Mtu asiyejua hukaza kwa nguvu zaidi. Mpira unasagika, kisha chuma kinakutana na chuma na kikalio kinachimbika. Hapo mpira mpya hausaidii tena; ni lazima kikalio kisawazishwe, au bomba zima libadilishwe. Kitambaa na mpira wa baiskeli havigusi ugonjwa wenyewe, maana ugonjwa uko ndani navyo viko nje.

Fundi aliyefunzwa huanza kwa kufunga koki kuu. Hufungua bomba kwa spana inayolingana nalo, hukagua mpira na kikalio, kisha hutafuta sababu. Huenda maji yanakuja kwa kanieneo kubwa. Katika nchi ya vilima jambo hili si geni: kila mita 10 ambazo tangi limeizidi nyumba kwa kimo huongeza takribani bar moja ya kanieneo. Nyumba iliyo chini bondeni itaharibu mpira kila baada ya muda mfupi, mpaka kifaa cha kupunguza kanieneo kifungwe. Anayekaza kwa mkono hawezi kuliona hilo.

Wanafunzi wapenzi, litazameni neno lenyewe. *Fundi* ni ndugu wa *funda*, *fundisha* na *mafunzo*. Kwa asili yake, fundi ni mtu aliyepitia mafunzo, wala hatoshi kuwa mtu mwenye spana tu. Kinyarwanda nacho kina *umufundi*. Vijana wetu wanasomea kazi ya bomba katika shule za ufundi, kisha sisi tunaosifu elimu ya ufundi mikutanoni tunawanyima kazi ya kwanza, tukimpa mpita njia kwa sababu ni rahisi. Huo ni unafiki, na unapaswa kuitwa kwa jina lake.

Najua lipo lalamiko la haki: baadhi ya mafundi hutoza wapendavyo na kutoweka. Dawa yake ni kuwadai uwajibikaji, wala si kuikimbia taaluma. Fundi ataje bei kabla ya kugusa bomba. Aonyeshe kipande kilichoharibika baada ya kukitoa. Afungue na kufunga bomba mbele ya mwenye nyumba, na aahidi kurudi likivuja tena ndani ya muda waliokubaliana. Mteja naye alipe siku hiyohiyo, bila kusema "kazi yenyewe ilikuwa ya dakika 10." Dakika hizo 10 zina miaka ya kujifunza nyuma yake.

Kwa asiye na uwezo wa kumlipa fundi, lawama yangu haimhusu. Huyo anastahili msaada wa majirani. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi tunakutana kwa umuganda, tunalima mitaro na kutengeneza barabara. Hakuna kinachomzuia fundi wa kijiji kutumia asubuhi hiyo kwenye bomba la mjane au la ivomo, wengine wakichanga gharama ya mipira.

Ninawapa kazi ya wiki hii. Usiku, kabla ya kulala, waombeni wazazi wafunge mabomba yote, kisha someni namba za mita. Zisomeni tena alfajiri kabla mtu hajatumia maji. Namba zikiwa zimesogea, maji yanavuja mahali fulani nyumbani. Andikeni aya moja kwa Kiswahili sanifu kueleza mlichokiona, na mwisho wa aya mtaje siku ambayo fundi ataitwa. Aya isiyo na siku hiyo itakuwa haijakamilika.