Koti la Mabawa ya Moto

JICHO LA KINORU
Na Mwenda Kirimi

Likizo ya Agosti mpwa wangu, mwenye miaka 15, alinionyesha koti la mchezaji wake kwenye simu: jekundu, lenye mabawa yanayowaka moto. Shilingi 600, pesa ya kuchuma majani chai kwa nyanya yake. Wiki mbili baadaye wenzake wote wakahamia gemu nyingine.

"Mjomba, nisaidie kulihamisha," akaniambia, akidhani mtu wa gazeti hashindwi na kitu. Tulipekua menyu hadi usiku. Koti halikutoka.

Lakini jezi niliyonunua sokoni Gakoromone huivaa uwanjani Kinoru, nimeenda nayo Embu kwa shemeji, na kukiwa na baridi nalala nayo. Sijawahi kuombwa kibali.

Wauza blokcheni, lile daftari la kidijitali la umiliki, walituahidi vivyo hivyo: upanga wa dunia moja utautumia katika nyingine. Mwaka 2019 gari la mchezo wa F1 Delta Time liliuzwa kwa zaidi ya dola 100,000. Machi 2022 leseni ya Formula 1 ikaisha, mchezo ukafungwa. Cheti cha umiliki kwenye blokcheni kilibaki salama salimini. Barabara ndiyo iliyotoweka. Wenye magari walipewa vitu mbadala, tena katika michezo ya kampuni ileile.

Si kwamba haiwezekani. Tangu Desemba 2023 mavazi mengi ya gemu ya Fortnite huvaliwa pia katika LEGO Fortnite, ila yalichorwa upya kwa umbo la LEGO. Hapo ndipo penye kazi. Upanga wa gemu ni picha na tarakimu. Gemu ya jirani haijui una uzito gani wala unaua kwa mapigo mangapi. Sharti fundi alipwe auchonge tena. Epic, waundaji wa Fortnite, hulipa kwa sababu maduka yote mawili ni yake. Mshindani wake alipie koti ambalo pesa yake iliingia mfuko wa mwingine?

Sisi Wakenya tunaijua hadithi hii. Zamani ukimtumia mtu wa Airtel pesa ya M-Pesa, alipata ujumbe wa kupeleka kwa ajenti. Aprili 2018 pochi za M-Pesa na Airtel zikaunganishwa, baada ya serikali kusukuma na kampuni kukubaliana. Lakini shilingi ni shilingi popote. Mabawa ya moto sivyo. Kwa hiyo siombi serikali iyahamishe kwa nguvu. Naomba tu duka liseme, kabla kidole hakijagusa kitufe, kwamba hapa hununui, unaruhusiwa kutumia. California imelazimisha maelezo ya namna hiyo kwa bidhaa za kidijitali tangu Januari 2025, na Nairobi haijapungukiwa wanasheria.

Jumamosi nilimkuta mpwa wangu shambani tena, kikapu mgongoni. Nikamuuliza safari hii anataka nini.

"Viatu, Mjomba."

Vya miguu yake, au vya gemu ile mpya? Akacheka, akaendelea kuchuma.