Akiitwa Kuulizwa Kazi

Wazazi wapenzi, mtoto wenu akiitwa kuulizwa maswali ya kazi ya TypeScript, lugha ya programu iliyotolewa na Microsoft mwaka 2012, asikariri majibu kama kasuku. Lugha hiyo ni kama daftari lenye safu: namba mahali pa namba, maneno mahali pa maneno, kosa la kuchanganya huonekana kabla programu haijaanza kazi. Huenda akaulizwa: ukaguzi huo wakomea wapi? Ajibu: programu igeuzwapo kuwa JavaScript, alama za aina hufutwa, basi habari zitokazo nje sharti zikaguliwe tena.

Jioni awaelezee ninyi msiojua kazi hiyo. Mkielewa, yu tayari. Msipoelewa, arudie kusoma. Afadhali akwame nyumbani kuliko mbele ya wakubwa.