Kijana Wetu na Taaluma ya Macho: Hospitali Kabla ya Duka

Ndugu zetu katika imani, kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, mazungumzo katika baraza za misikiti yetu ya Tabora huwa ni yale yale. Aliyefaulu masomo ya sayansi hutakiwa awe daktari. Akikosa nafasi hiyo, huambiwa atafute mtaji afungue duka. Baina ya mambo mawili hayo ni kana kwamba hakuna jingine. Makala hii inakusudia kuelekeza nadhari ya wazazi, vijana na kamati za misikiti kwenye taaluma moja isiyotajwa katika mazungumzo hayo, nayo ni optometria, yaani elimu ya kupima uwezo wa jicho kuona, kutambua kasoro zake na kuzirekebisha. Aidha, tunakusudia kusema zaidi ya hapo: kwamba kijana wetu akiisoma taaluma hii, mahali pa kuanzia kazi ni hospitalini, si dukani.

Tutofautishe kwanza

Watu wetu wamezoea kumwita kila anayemulika jicho kwa tochi "daktari wa macho". Ni vyema tutofautishe. Daktari bingwa wa macho ni tabibu aliyesomea udaktari, kisha akabobea katika maradhi na upasuaji wa jicho. Mtengeneza miwani ni fundi anayekata lenzi na kuitia katika fremu kwa mujibu wa vipimo alivyoletewa. Mtaalamu wa optometria yuko baina ya wawili hao. Yeye ndiye anayepima jicho linaona kiasi gani, lenzi ya nguvu ipi italisaidia, na kama kuna dalili ya ugonjwa unaopaswa kupelekwa kwa bingwa. Hapa nchini kazi hii ina sheria yake, Sheria ya Optometria ya mwaka 2007, na ina Baraza la Optometria linalosajili wanaoifanya. Chuo kinachojulikana zaidi kwa taaluma hii kipo KCMC, Moshi, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikitoa stashahada ya miaka mitatu.

Elimu hii si ngeni kwetu

Waliosoma Kiarabu wanalijua neno kuhl, yaani wanja. Kutokana na neno hilo, watu wa Baghdad walimwita tabibu wa macho kahhal. Ali bin Isa, tabibu wa Baghdad aliyeishi baina ya karne ya 10 na ya 11, aliandika kitabu mashuhuri, Tadhkirat al-Kahhalin, kinachoeleza maradhi ya macho zaidi ya 100. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Misri na kufariki karibu na mwaka 1040, alithibitisha kwamba jicho halitoi miali ya kuvigusa vitu, bali mwanga hutoka kwenye vitu na kuliingia jicho. Juu ya msingi huo ndipo elimu ya lenzi ilipojengwa. Na lililo muhimu zaidi kwa hoja yetu ni hili: hospitali ya Adudi, iliyofunguliwa Baghdad mwishoni mwa karne ya 10, ilikuwa na matabibu wa macho miongoni mwa watumishi wake. Wazee wale walitambua kwamba mtu wa macho mahali pake ni palipo na wagonjwa wa kila aina, tajiri na fukara, wala hawakumwacha akae sokoni peke yake.

Njia ya misafara na macho ya watu wake

Tabora yetu imezaliwa na njia. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Mpwapwa na Ugogo, ikapumzika Unyanyembe, kisha ikaelekea Ujiji. Mwezi Novemba 1857 Burton na Speke waliingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, wakakirimiwa na mfanyabiashara wa Kiarabu, Snay bin Amir. Walipolifikia Ziwa Tanganyika mwezi Februari 1858, Speke alikuwa ameugua macho kiasi kwamba ziwa alilolitafuta kwa miezi mingi hakuweza kuliona sawasawa. Habari ya macho yake tunaijua kwa sababu wenye msafara walikuwa na kalamu. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo yao katika vumbi na jua lile lile hawakupata mtu wa kuandika habari za macho yao.

Je, hali imebadilika kiasi gani? Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika vijiji vya Kongwa, wilaya inayopakana na Mpwapwa, kwenye ukanda ule ule wa njia ya kale. Miongoni mwa watu waliotimiza umri wa miaka 40, zaidi ya 60 katika kila 100 walikuwa na tatizo la kutoona vizuri vitu vya karibu, na wengi mno wao hawakuwa na miwani. Nalo Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana upungufu wa kuona, na kwamba wasiopungua bilioni 1 kati yao wana upungufu ambao ungeweza kuzuilika au bado haujapatiwa huduma. Katika bilioni hiyo, watu milioni 826 walikuwa ni wale wanaohitaji tu miwani ya kuonea karibu.

Tuyatazame haya kwa macho ya Tabora. Fundi cherehani aliyefika miaka 45 huanza kumwita mtoto amtungie uzi kwenye sindano, kisha huacha kazi za mishono midogo, kisha huacha cherehani yenyewe. Mkulima wa tumbaku wa Urambo au Sikonge hushindwa kuyaona majani sawasawa anapopanga madaraja, na kosa lake hulipwa kwa bei ya mzigo. Mzee aliyezoea kusoma msahafu kila baada ya alfajiri huufunga, akasema uzee umefika. Uzee kweli umefika, lakini kilichomfungia msahafu ni kukosa vipande viwili vya lenzi. Utafiti uliofanyika Bangladesh na kuchapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba kipato cha wafanyakazi wa vijijini waliopewa miwani ya kuonea karibu kilipanda kwa takriban theluthi moja. Hivyo basi, suala hili linagusa afya na riziki kwa pamoja.

Kwa nini hospitalini?

Kijana anayeajiriwa katika duka la miwani hukutana zaidi na mtu wa aina moja, naye ni mwenye fedha ya kununua fremu. Mwenye duka ana haki ya kutaka mauzo, nasi hatulaumu biashara ya halali. Lakini mtu anapolalamika kwamba haoni vizuri, si lazima dawa yake iwe miwani. Huenda ana mtoto wa jicho, ambaye dawa yake ni upasuaji. Huenda ana presha ya macho, ugonjwa ambao mara nyingi huuharibu mshipa wa fahamu wa jicho taratibu bila maumivu, na uoni uliokwisha kupotea haurudi. Huenda ana kisukari kilichoharibu mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho. Miwani iliyouzwa kwa haraka humpa mtu huyu matumaini ya miezi michache, naye anazidi kuchelewa.

Hospitalini, mtaalamu huyo huyo hupima uoni kwa chati iliyowekwa umbali wa mita 6. Humulika jicho na kuusoma mwanga unaorudi, akaijua lenzi inayofaa hata kwa mtoto asiyeweza kujieleza. Hupima presha ya jicho na kutazama pazia la nyuma. Akitilia shaka jambo, njia ya kumfikisha mgonjwa kwa daktari au muuguzi wa macho ni fupi. Kabla ya upasuaji wa mtoto wa jicho, urefu wa jicho na mviringo wa kioo chake cha mbele hupimwa ili ijulikane lenzi bandia ipi iwekwe ndani. Vipimo hivyo vikikosewa, mgonjwa hutoka na jicho safi lisiloona sawasawa. Na mtoto mwenye jicho moja dhaifu, ubongo wake huzoea kulipuuza. Akigunduliwa mapema, kabla ya miaka kama 7 au 8, huweza kusaidiwa kwa miwani na kwa kuzibwa jicho zima kwa muda maalumu. Akichelewa, matibabu huwa magumu mno.

Kwa mkazi wa Kaliua, Uyui au Sikonge, tegemeo ni hospitali ya wilaya, na juu yake hospitali ya rufaa ya mkoa, Kitete. Hospitali yoyote inaweza kupewa vyombo na wafadhili. Lakini vyombo vya macho bila mtu anayejua kuvitumia huishia kufunikwa kitambaa.

Hoja zinazotolewa

Wapo wanaosema kwamba mshahara wa hospitali ni mdogo kuliko faida ya duka. Ni kweli mara nyingi. Hata hivyo, kijana aliyekaa hospitalini miaka mitano ameona maradhi ambayo wa dukani hayaoni katika umri wake wote, na akitaka baadaye kufungua kituo chake, atakifungua akiwa na ujuzi ambao watu watauamini.

Wapo wanaosema kwamba ajira za serikali ni chache na hutoka kwa kuchelewa. Nalo hili ni la kweli. Ndiyo maana tunasema kamati za misikiti, pamoja na wazazi, zitumie vikao vya halmashauri kuuliza: je, hospitali ya wilaya yetu imeomba nafasi ya mtaalamu wa optometria? Nafasi isiyoombwa haiwezi kutolewa.

Wapo pia wanaosita kwa sababu chuo cha Moshi kipo katika hospitali iliyoasisiwa na Wakristo. Kwa hawa tunakumbusha kwamba Hunayn bin Is-haq, aliyeandika maqala kumi juu ya jicho katika karne ya 9, alikuwa Mkristo, na matabibu wa Kiislamu wa Baghdad walisoma kwake na kwa vitabu vyake bila kuona haya. Ibn al-Haytham naye aliwasoma Wayunani, akachukua lililo sahihi na kulirekebisha lililokosewa.

Ama kuhusu mabinti zetu, tunaona taaluma hii inawafaa sana. Upimaji wa macho hufanyika katika chumba chenye giza, mpimaji akiwa karibu kabisa na uso wa mgonjwa. Wapo akina mama wetu wanaoahirisha kupimwa kwa kuona haya. Mzazi anayelalamika kwamba mkewe hakupata mwanamke wa kumpima, huku akimkataza bintiye kusoma Fizikia, ajiulize mwanamke huyo atatoka wapi.

Tufanye nini?

Kwanza, mtoto anayetaka njia hii ahimizwe tangu kidato cha kwanza katika Baiolojia, Kemia na Fizikia. Ufaulu wa masomo ya dini, pamoja na utukufu wake, hauingizwi katika hesabu ya sifa za vyuo vya afya, na ni afadhali mzazi alijue hilo mapema kuliko siku ya kujaza fomu.

Pili, walimu wenzetu wa madrasa wajifunze kipimo cha awali cha chati. Mtoto ambaye akiwa mita 6 haoni mstari ambao jicho zima huusoma kwa mita 12 apelekwe hospitali, badala ya kuitwa mzembe kwa kuwa hasomi ubaoni.

Tatu, kila msikiti wenye mfuko wa elimu utazame uwezekano wa kumsomesha kijana mmoja, wa kiume au wa kike, kwa makubaliano ya maandishi kwamba akihitimu ataomba kazi kwanza katika hospitali za mkoa huu.

Babu zetu walitembea miezi kutoka pwani hadi Unyanyembe wakifuata pembe na faida. Tunachowaomba vijana wetu ni safari fupi zaidi: wapande basi hadi Moshi, wasome miaka mitatu, kisha warejee Tabora.

Wabillahi Tawfiq.